Mfuniko na Bendera

Mimi majina hayanitoki. Mtu akinitajia jina lake leo pale stesheni ya Rooty Hill, tukikutana tena baada ya miaka nitamwita kwa jina hilohilo, na mama yake nitamwulizia kwa jina la mama yake. Shule niliishia darasa la tatu, Uvira kule Kongo, nikatolewa niwabebe wadogo zangu. Labda Mungu aliona ameninyima vitabu, akanipa majina. Kila asubuhi natoka nyuma ya nyumba na kikombe cha chai, kabla sijaanika nguo, nawataja watu wangu mbele zake mmoja mmoja. Waliokufa kwanza, walio hai baadaye. Naanzia kando ya ziwa, napita kambini Tanzania, nafika huku Sydney. Chai hupoa kabla sijamaliza.

Lakini humu sitaandika jina la mtu hata mmoja. Nilimwahidi jirani yangu.

Nyumba yetu na yake zimetengwa na ua wa bati. Wanaishi wawili tu, yeye na mumewe, wazee kama mimi. Tulipohamia hapa, mzee alininyanyulia kofia kila aliponiona, lakini mkewe aliingia ndani mara tu nilipotoka na chai yangu. Nikasema moyoni, haya, ni ngozi yangu. Kumbe haikuwa ngozi. Ilikuwa sala.

Asubuhi moja kichwa chake kikachomoza juu ya bati, nadhani alipanda ndoo.

"Unawahesabu watu?" akaniuliza.

"Nawaombea, Mama."

"Kwa majina yote hayo?"

"Nikisema tu 'uwabariki wote', Mungu atajuaje namsema nani?"

Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika kama changu, ndiyo maana tulielewana. Tulitembea mwendo mmoja, hakuna aliyemkimbia mwenzake.

Akaniambia ametoka nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Yeye ni Mcheki, mzaliwa wa Praha. Walikaa kwenye jumba la ghorofa nyingi, na chini kabisa aliishi mwanamke aliyetunza jengo. Mwanamke huyo alikuwa na kichwa kama changu. Alijua nani ameingia, nani ametoka, nani anasikiliza redio za nje, na majina aliyapeleka kwa wakubwa wa Chama. Baba wa jirani yangu alikuwa mwalimu. Siku moja akaambiwa hafai tena kufundisha watoto, akapelekwa kuchochea makaa chini ya hospitali, kwenye matanuri ya kupasha maji moto. Aliondoka nyumbani na shati jeupe akarudi mweusi.

"Mweusi kuliko wewe," akasema, kisha akashtuka, akaniangalia kama nitakasirika.

Nikacheka mpaka chai ikamwagika. Naye akacheka. Hapo ndipo tulipoanza.

Mambo ya Chama kimoja hakuhitaji kunieleza sana. Mimi pia nilikua chini ya Chama kimoja. Nilipokuwa msichana tulitolewa mashambani kwenda kumchezea rais, na ukinuna wakati wa kucheza, kulikuwa na mtu wa kuona na mtu wa kusema. Kilichonishangaza ni kwamba Wazungu nao walifanyiana hivyo. Mimi nilidhani ni sisi tu.

Baadaye akanisimulia habari ya vifaru. Nchi yao ilikuwa imeanza kupumua kidogo, magazeti yakaanza kusema, watu wakaanza kucheka barabarani. Mara vifaru vikaingia, tena vya nchi zilizojiita ndugu. Watu wa Praha hawakuwa na bunduki. Basi wakafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia popote: wakang'oa majina. Vibao vya barabara, namba za nyumba, majina kwenye milango, vyote wakavitoa. Askari wakawa na orodha mkononi na mji usio na jina. Wakiuliza njia, wanaelekezwa kwingine. Vibao walivyoacha ni vile vya kuwaonyesha njia ya kurudi kwao.

"Na unajua kwetu nani aliyefungua majina milangoni?" akaniuliza. "Yule yule mwanamke wa chini. Alipanda ngazi na kisu cha mkate, akafungua skrubu moja moja, mpaka ghorofa ya mwisho. Aliyajua yote, Pani. Siku ile akayaficha."

Pani ndivyo anavyoniita. Kwao ni kama sisi tunavyomwita mtu Mama. Akaniambia sala yangu niendelee nayo, haimtishi tena, lakini akaniomba jambo moja: majina ya watu nisiyaandike mahali. Nikamwahidi. Mtu mwingine ataona ni uzee huo. Mimi nimeona watu wakitafutwa nyumba kwa nyumba kwa majina, sikumwuliza mara mbili.

Sasa mume wake. Huyu si Mcheki, ni Mslovakia, mtu wa milimani. Nchi ilikuwa moja, watu wa aina mbili. Na lugha ni mbili, lakini zimefanana kama dada wawili. Tangu waoane yeye anaongea yake, mkewe anajibu yake, na sijawahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake rudia. Walikutana Praha, wakatoroka pamoja mwaka ule wa vifaru, wakapita Austria, wakaja huku kufanya kazi kiwandani mpaka mgongo ukakataa.

Mzee huyu ana utani mmoja tu, na ameutumia maisha yake yote ya uzeeni. Mkewe akileta chakula, yeye huangalia sahani, kisha huniangalia mimi.

"Mama, unajua huyu mwanamke ameniibia bendera?"

"Sikuiba," mkewe hujibu bila kugeuka. "Mliiacha mezani."

"Tulikubaliana hakuna wa kuichukua!"

"Basi ungeiangalia vizuri."

Nilisikia maneno hayo mara nyingi, nikacheka kwa adabu tu. Maana yake sikuijua, mpaka yalipotufika na sisi.

Sisi, yaani kanisa letu. Tulikuwa tunasali pamoja, Wakongo na Warundi, kwenye ukumbi wa kuazima huko upande wa Blacktown. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Binti yangu ameolewa na Mrundi, na mama wa kijana huyo, yaani mkwe wangu, ndiye rafiki yangu mkubwa katika nchi hii. Amezaliwa ng'ambo ya ziwa. Nilipokuwa mdogo, giza likiingia, taa za kwao tuliziona kutoka kwetu, na yeye aliziona za kwetu, na tukaja kufahamiana Australia, wote tuna meno ya kuhesabika. Kila asubuhi alinipigia simu kabla sijatoka kusali. Hasalimii kama watu. Anasema, "Mkwe, bado upo?" Nami najibu, "Nilikuwa naenda, umenirudisha."

Basi Warundi wakataka kuhubiriwa Kirundi, wazee wao Kiswahili cha haraka kinawapita. Wa kwetu wakasema ibada ikigawanywa lugha itakuwa ndefu, watu wana shifti, wengine wanatoka kufagia maofisi mjini usiku kucha, wanasinzia. Maneno yakaanza kwenye muda, yakahamia kwenye ngoma, yakahamia kwa nani alianza kanisa. Wachungaji wawili wakaacha kukaa kiti kimoja. Vijana wetu walituona wazee hatuna kazi, wakatujibu kwa Kiingereza kwamba kanisa ni kanisa tu, wakarudi kwenye simu zao.

Mimi nilikosa usingizi. Kambini nililiona kanisa likigawanyika. Kwanza watu waligawana mabenchi. Kisha wakagawana kisima, hawa asubuhi, wale jioni. Kisha akafa mzee mmoja wa upande ule, na upande huu hawakwenda msibani. Nilisimama mlangoni nikaona jeneza likipita na watu wachache nyuma yake, watu ambao jana yake tu wangejaa barabara. Hilo ndilo nililoliogopa. Mahubiri yanaweza kugawanywa, Mungu hana shida ya lugha. Lakini huku ugenini, nani atamzika nani? Na mkwe wangu, akifa kabla yangu, nitakuwa nimesimama mlangoni namwangalia akipita?

Nikaenda kwa jirani. Wala sikwenda kutafuta ushauri, nilikwenda kukaa. Mke wa mzee alikuwa amepika yale matonge ya unga yenye tunda la plamu ndani, wao huyala kama chakula, si kama kitu cha watoto. Nikaeleza. Mzee akaweka uma chini.

"Hata sisi tuligawana," akasema. "Nchi nzima."

"Mkapigana?"

"Hapana."

"Wakafa wangapi?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Nakwambia hakuna."

Sikumwamini. Nikamgeukia mkewe, naye akatikisa kichwa kukubali. Mzee akavuta sahani ya matonge katikati ya meza, akaanza kuyapanga. Wacheki walikuwa wengi, kama mara mbili ya Waslovakia. Basi kila kitu kinachobebeka kikagawanywa mbili kwa moja. Akatoa matonge mawili akayaweka kwa mkewe, moja kwake.

"Mabehewa ya treni." Mawili, moja. "Ndege." Mawili, moja. "Bunduki."

"Ngoja," nikasema. "Hata bunduki mligawana?"

"Hata bunduki, hata vifaru."

"Na mtu akishapewa zake hakumgeukia mwenzake?"

"Hapana. Alizipeleka nyumbani."

Kwetu bunduki ndiyo hugawa vitu vingine vyote.

"Na visivyobebeka? Majumba? Madaraja?"

"Hubaki vilipo. Daraja likiwa kwako ni lako."

"Basi mlipendana sana."

Hapo mkewe akacheka kwa sauti. "Kupendana! Tulikuwa tumechoshana. Wao wakisema tunawadharau, sisi tukisema wanatulilia kila siku."

"Na kweli mlitudharau," mzee akasema.

"Na kweli mlilia."

Lakini baada ya kucheka uso wake ukabadilika. Akasema kilichomuuma si kugawana. Kilichomuuma ni kwamba wakubwa walikaa wakamaliza, na watu hawakuulizwa. Huko nyumbani wengi hawakutaka, akasema, hakuna aliyewapa nafasi ya kusema hivyo. Mzee akamjibu kwamba hawakuulizwa kweli, lakini angalia nchi nyingine zilizovunjika wakati ule ule, angalia makaburi. Mkewe akasema, mtu anaweza kushukuru kwa kutokufa na bado akataka kuulizwa. Niliona hayo ni mazungumzo ya zamani kati yao, kila mmoja anajua mahali pa kupita, na hakuna siku watakayoyamaliza.

Kisha wakanisimulia ile asubuhi. Wao walikuwa huku tayari, jikoni humu humu. Nchi yao ilikuwa inakwisha usiku wa kuamkia mwaka mpya. Lakini mwaka mpya huku kwetu hufika mapema kuliko kwao. Sydney walikuwa wamesharusha fataki zao, watu wamekwenda kulala, jua limepanda, na kule Praha bado ni mwaka wa zamani. Wakakaa mezani na redio, asubuhi kweupe, nchi yao bado ipo kwa saa chache. Mkewe akapika dengu, maana kwao siku hiyo lazima ule dengu. Wakangoja.

Wimbo wao wa taifa ulikuwa nyimbo mbili zilizoshonwa pamoja, mzee akanieleza. Wa kwanza wa Wacheki, wa polepole. Wa pili wa Waslovakia, wa mwendo wa haraka. Toka utoto hakuna aliyeimba mmoja bila mwingine. Ilipokaribia saa ile, mkewe akasimama karibu na jiko akaimba wimbo wake. Alipomaliza, mzee akasimama akaimba wa kwake. Kisha redio ikatangaza, na tangu dakika hiyo wimbo mmoja ukawa nchi hii na mwingine nchi ile.

"Nikamwuliza," mzee akasema, "sasa wewe ni mgeni kwangu?"

"Ukajibiwa nini?"

"Akaniambia, kula dengu, zinapoa."

Na ile bendera? Walikubaliana alama za nchi ya zamani asizichukue mtu. Waslovakia wakajishonea bendera mpya. Wacheki wakabaki na ile ile ya zamani. Ndio utani wake huo. Nilipouelewa nilimwangalia yule mzee, nikaona ni utani kweli, lakini una mfupa ndani.

Siku ya mkutano ukumbini wachungaji wote wawili walikuja na tangazo limeshakamilika. Wa kwetu atabaki pale, wa Warundi atapata darasa la shule moja huko karibu na Mount Druitt. Wakasema na vyombo watavipanga wao wenyewe, akina mama tusiwe na wasiwasi.

Vyombo! Hapo nikasimama. Mimi si mtu wa kusimama, magoti yangu yenyewe hayapendi.

"Wachungaji wetu," nikasema, "mahubiri mgawane nyinyi. Sufuria ni zetu."

Wanawake wakapiga vigelegele pande zote mbili. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kufanya kitu pamoja.

Nieleze sufuria hizo. Alipokufa mtu wetu wa kwanza huku, tulipika wali kwenye visufuria vya nyumbani, nyumba hadi nyumba, ukifika msibani umeshapoa na kila sufuria ina ladha yake. Baadaye mgahawa mmoja ulikuwa unafungwa, tukachanga tukanunua sufuria zao tatu kubwa, za kutosha mtoto kuogea ndani. Zilikuja na mfuniko mmoja. Zote tatu ni saizi moja, kwa hiyo mfuniko ulizunguka, wali ukiiva unahamia kwenye maharage. Kila msiba, kila ubatizo, kila harusi imepita humo. Mama yangu alizoea kusema, chungu kikitoka nyumbani, kilio nacho kimetoka. Nilizitazama zile sufuria kama mtu anavyotazama mlango.

Nikawaambia habari ya nchi ya jirani zangu. Kinachobebeka mbili kwa moja, kisichobebeka kinabaki. Sisi Wakongo tulikuwa wengi, kama mara mbili yao.

"Kwa nini nyinyi mbili?" mama mmoja wa Burundi akauliza.

"Juu tuko na midomo mingi!" akajibu mama mmoja wa kwetu, wa Fizi, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto.

"Midomo hiyo tunaijua, mama, hata mkiwa wawili!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilifanya kazi kubwa kuliko maombi ya kufungua. Tukaulizana mmoja mmoja, kila mwanamke akasema ndiyo au hapana kwa kinywa chake, sikutaka kesho mtu aseme hakuulizwa. Jiko na friji vikabaki ukumbini. Sufuria mbili kwetu, moja kwao. Tukasali, tukakumbatiana, tukalia kidogo. Nikarudi nyumbani nimesimama wima.

Kesho yake mama wa Fizi akanipigia. "Mama mukubwa, iko wapi mfuniko?"

Hakuna aliyeufikiria. Tuligawana sufuria tukasahau mfuniko. Na aliyeonekana mara ya mwisho akibeba sufuria ya Warundi kwenda garini, ikiwa imefunikwa vizuri kabisa, alikuwa mkwe wangu.

"Wametuiba," mama wa Fizi akasema. "Mbele ya macho."

Nikamtetea. Nikasema amebeba bila kujua, atapiga simu. Asubuhi nikangoja. Simu haikulia. Asubuhi iliyofuata nayo haikulia. Nami nikasema, aliyebeba ndiye apige. Ndivyo tulivyo, watu wa pande zote mbili za ziwa: shingo zetu hazina bawaba. Katika sala nilifika kwenye jina lake nikalitaja haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Wajukuu wetu Jumapili moja walisali huku, Jumapili nyingine kule, na waliporudi mmoja aliniambia Bibi wa kule ameuliza kama kikohozi changu kimepona. Nikasema, mwambie kimepona. Ningeweza kusema mengi zaidi. Sikusema.

Mzee jirani nilipomweleza, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Bendera!" akasema. "Mama, kila mahali yupo mtu wa kuondoka na bendera!"

"Si kitu cha kucheka."

"Umekwenda kumwomba?"

"Niombe kitu changu?"

Akamwangalia mkewe. Mkewe akaangalia dirishani, akasema taratibu, "Yeye hajaniomba mpaka leo. Angeniomba, sijui ningempa. Lakini ingekuwa siku nzuri."

Kisha akafa mzee wetu mmoja, huko Penrith. Mtu wa kwanza kufa tangu tugawane. Tulikwenda asubuhi na mapema na sufuria zetu mbili, tukawasha moto wa gesi uani kwa wafiwa. Wali tukaufunika kwa karatasi ya bati ile ya kufungia nyama. Upepo ukaichukua. Tukaweka tena, tukaikandamiza kwa trei ya kuokea, mvuke ukatoka pembeni, wali juu mbichi chini umeungua. Mama wa Fizi alikuwa anageuza na kunung'unika, na kila akinung'unika alitaja mfuniko.

Mimi sikuwa nausikiliza wali. Nilikuwa naangalia barabara. Kila gari lililopunguza mwendo, nililikodolea macho. Watu wetu walikuja, wamejaa uani, lakini nilikuwa naona tu wale ambao hawapo. Nikasema, basi, imeanza. Leo mzee huyu, kesho sisi.

Ndipo nikawaona wakitokea upande wa stesheni, kwa miguu, wanawake wamepanga mstari kwa sababu njia ya kando ni nyembamba. Wamevaa kile kitenge chetu cha zamani, cha kwaya ya pamoja, tulichokubaliana siku ya mkutano hakuna wa kukivaa tena. Mbele yao mkwe wangu, amebeba mfuniko kifuani kama ngao, unang'aa, na watu wa Penrith wanamtazama kwenye vibaraza vyao. Walipofika getini wakaanza kuimba wimbo wa msiba, kwa Kirundi, na wa kwetu wakaupokea kwa Kiswahili, maana sauti ni moja.

Mkwe wangu hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria, akatupa ile karatasi, akanusa.

"Yoo! Mnataka kumuua marehemu mara ya pili?"

Akafunika. Mfuniko ukakaa mahali pake kwa ule mlio wake.

"Mkwe," nikasema, "mbona hukupiga simu?"

"Mbona wewe hukupiga? Una sufuria mbili na mdomo, ungesema tu, lete mfuniko."

"Kwa hiyo uliuchukua makusudi."

Akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Siku ile niliangalia zile sufuria," akasema. "Mmezigawa vizuri, haki kabisa, kila mtu ameshika chake. Nikaona hakuna aliyebaki na sababu ya kumtafuta mwenzake. Nikaogopa, mkwe. Mfuniko ulikuwa pale pembeni, nikautia juu ya sufuria yangu nikaondoka. Nikasema watakuja kuuomba. Kila asubuhi nikaangalia simu. Hee, watu wa Kongo, shingo ngumu!"

Kumbe na yeye alikuwa haogopi kingine ila kile kile nilichokiogopa mimi. Nilikaa juu ya kreti iliyokuwa karibu. Nikalia, na watu wakadhani namlilia marehemu, wakanipigapiga mgongoni. Nilimlilia pia, alikuwa mtu mwema. Lakini zaidi nilikuwa nalia kwa kuwa barabara ilikuwa imejaa watu.

Mama wa Fizi akaja akasimama mbele yetu, mikono kiunoni.

"Sasa mfuniko iko ya nani?"

Mkwe wangu akaniangalia. Nami nikamwangalia. Mtoto wake alikuwa anashusha sufuria ya tatu kutoka kwenye gari lililowafuata, imejaa maharage yaliyokwisha kuiva.

"Ni wa aliyenao," nikasema. "Mwenye shida ataomba."

"Mama, na sisi tutapikaje?"

"Utampigia simu."

Tulimzika mzee wetu vizuri. Jioni sufuria zikarudi njia zake, mbili huku, moja kule, na mfuniko ukaenda Mount Druitt kwa treni, mapajani mwa mkwe wangu.

Jirani zangu walikuwa wananingoja uani kwao, wamesikia kwa binti yangu. Nikawasimulia yote juu ya ua, mzee amesimama, mkewe juu ya ndoo yake.

"Kwa hiyo umeurudisha nyumbani?" mzee akauliza.

"Nimemwachia."

"Umemwachia!" Akamgeukia mkewe. "Umesikia? Hata mimi labda niache habari ya bendera."

"Ukiiacha," mkewe akasema, "utaongea nini na mimi?"

Mzee akafikiri, akavaa kofia yake. Jioni ile ile wakati wa chakula nilimsikia kupitia dirishani, sikuelewa maneno, lakini sauti ile naijua. Alikuwa anadai bendera yake.

Asubuhi nilitoka na chai, nikaanza sala yangu. Nilipofika kwenye jina la mkwe wangu nililitaja polepole. Kabla sijafika kwenye jina linalofuata nikaona haina maana kumwambia Mungu peke yake, nikaiweka chai chini nikachukua simu.

"Mkwe, bado upo?" nikamwuliza mimi, safari hii.

"Nilikuwa naenda, umenirudisha."

"Nahitaji mfuniko."

"Kuna msiba?"

"Hapana," nikamwambia. "Kuna maharage."